Baba, huku tangambili ni kila wiki: mwezi mmoja wa pepo za Durban

Juni 14

Nimetua Durban saa tisa alasiri kwa saa za huku, saa moja nyuma ya kwetu. Dada alijifungua siku nane zilizopita, nami nimekuja kumkanda, kumpikia uji na kumshikia mtoto mpaka atimize arobaini. Hilo ndilo lililonileta. La pili ni daftari.

Baba ndiye aliyenipa, kwetu Tongoni karibu na Tanga, asubuhi ya kuondoka. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, akapiga njia ya Tanga, Pemba, Mombasa na Lamu mpaka magoti yakamkatalia. Kusini hakuwahi kuvuka Msumbiji. Wazee wake walimfundisha kuwa chombo kikiipita Sofala na kukaribia Rasi ya Correntes kimeshatoka kwenye mlango wa pepo: kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, haifiki huko kwa uhakika, kusi, ule utokao kusini, haikurudishi kwa wakati wake, na mkondo unakuvuta chini tu. Sasa mabinti zake wawili wako mbele ya rasi hiyo, kwenye nyuzi 30 kusini. "Niandikie pepo, mwanangu," akasema. "Usiniandikie baridi na joto tu kama watu wa redio. Andika umetoka wapi na umegeuka saa ngapi."

Leo: upepo mdogo wa kaskazini-mashariki, bahari ya buluu, mavundevunde machache. Ukiniuliza, ni kama Tanga mwezi wa nane.

Juni 15

Saa zimenivuruga. Nimezoea saa kumi na mbili iwe saa kumi na mbili: kucha kumekucha, au jua linaaga. Huku saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Jua limetoka baharini karibu na saa moja kasoro dakika kumi, na jioni, saa kumi na moja na dakika tano, limekwisha zama nyuma ya kilima. Maghrib saa kumi na moja! Mchana mzima ni saa kumi na robo tu, wakati Tanga leo haupungui sana saa kumi na mbili. Adhuhuri nimesimama uani nikaona kivuli changu kimenizidi urefu, kama cha alasiri nyumbani.

Baba nimemsimulia kwa simu. Amenyamaza kidogo kisha akasema, "Basi jua la huko linatembea ukingoni."

Juni 16

Sikukuu ya vijana, ukumbusho wa wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Mtaa kimya.

Tunakaa Overport, juu ya kilima cha Berea, ghorofa ya tatu. Kwenye baraza unaiona bahari na meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu ya bandari. Leo nimezihesabu kumi na moja. Baba kanifundisha jambo: ukitaka kujua mambo ya nje bila kwenda nje, tazama pua za vyombo vilivyotia nanga.

Alfajiri upepo ulitoka bara, baridi na laini, ukateremka mabondeni kuelekea baharini. Ni umande wetu uleule unaowatoa ngalawa asubuhi. Saa nne ukafa, pakawa shwari, na saa sita ukaja wa baharini. Nepi ishirini na mbili nilizoanika zimekauka saa nane. Hewa ya huku wakati wa kipupwe ni kavu, hata midomo inapasuka. Usidhani nguo hazikauki kwa sababu ni baridi.

Juni 17, 18

Kama juzi. Umande, shwari, upepo wa bahari. Mtoto analala mchana na kukesha usiku.

Juni 19

Kaskazini-mashariki tangu asubuhi, unaongezeka nguvu kila saa. Bahari imejaa mapovu meupe, na meli zote zimetazama kulekule upepo unakotoka. Nikamwambia baba kaskazi imevuma mwezi wa sita. Akakataa kabisa. "Kaskazi ni ya miezi, haina siku. Huo ni upepo tu umepita njia yake. Ngoja."

Juni 20

Nimengoja, na nimeona.

Usiku upepo ulikufa. Saa kumi alfajiri niliamka kumpokea mtoto nikahisi joto dirishani, kama mtu amefunua sufuria ya wali. Kulipokucha upepo ulikuwa umehamia bara, kaskazini-magharibi, mkavu, una vumbi na harufu ya majani yaliyoungua. Saa tano kipimajoto cha dada kilisoma nyuzi 31. Katikati ya kipupwe! Huku wanauita upepo wa berg, yaani wa mlimani. Nchi ya ndani imeinuka juu sana, na Milima ya Drakensberg inapita mita 3,000. Hewa ikisukumwa kuteremka kutoka kule hubanwa, na kila mita 100 inazoshuka hupata karibu nyuzi moja ya joto. Inafika pwani kama imetoka tanuri. Nepi zilikauka nikiwa bado naanika za mwisho.

Jirani wa ghorofa ya chini, bibi wa Kizulu tunayemwita Gogo kama wajukuu zake wanavyomwita, akapanda uani saa saba akaanza kuanua nguo zake. Zangu nazo akaanza kuzianua, bila kuniuliza. Nikamwambia kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga kuwa jua bado kali. Akanielekeza kusini kwa kidevu.

Sikuona kitu. Halafu nikaona: mstari mwembamba wa wingu, chini kabisa, juu ya bahari upande wa Bluff, kilima kilicho kusini ya bandari. Upepo ukakatika kabisa. Majani ya mwembe yakaning'inia. Nikatazama meli, nikaziona zimelegea, kila moja na pua yake, kama ng'ombe waliopotelewa na mchungaji. Kimya kile kilikaa labda dakika ishirini. Kisha zile za kusini zikaanza kugeuka, moja, ya pili, ya tatu, pua zote kusini-magharibi, na mlango wa baraza ukajifunga kwa kishindo kabla sijaushika. Saa nane na nusu tulikuwa na nyuzi 19. Nyuzi kumi na mbili zimeondoka kwa muda ambao mchele hauivi.

Nimempigia baba nikihema. Hajacheka, hajashangaa. Ameuliza wingu lilikuwa na rangi gani chini yake, shwari ilikaa muda gani, na bibi yule alijuaje. Kisha akasema neno ninaloliandika hapa kama alivyolisema: "Sisi tuna tangambili mara mbili kwa mwaka, kusi ikitoka na kaskazi ikiingia, na kaskazi ikitoka na kusi ikiingia. Wiki hizo chombo hakiaminiki, kwa sababu upepo hauna bwana. Huko kwenu tangambili ni kila wiki. Ndiyo maana wazee hawakwenda."

Juni 21

Usiku mrefu kuliko yote ya mwaka. Mawingu ya chini, rasharasha, kusini-magharibi bado. Nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya joto: madirisha mapana, sakafu ya vigae, hakuna mahali pa moto. Baridi ikiingia hukaa humo kama mgeni wa siku tatu. Nyuzi 11 alfajiri. Maji ya kumkandia mzazi yanapoa kabla hujafika mgongoni, kwa hiyo natumia ndoo mbili, moja ikiwa jikoni muda wote. Uji nimeuongeza pilipili manga.

Gogo kaja na blanketi la mtoto. "Kuyabanda," amesema, kuna baridi. Kisha tukakaa tukibadilishana maneno. Mvua ni imvula. Mwezi ni inyanga. Maji ni amanzi. Na izulu ni mbingu, na pia ndiyo hali ya hewa yenyewe. Ukiuliza leo kuna hewa gani, unauliza mbingu ikoje.

Juni 22, 23

Kumetakata. Baridi asubuhi, jua zuri mchana.

Juni 24

Hii nataka baba aisome mwenyewe siku nikirudi, asisomewe.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa barazani na mtoto begani. Adhana ilikuwa inatoka mbali. Gogo alikuwa uani chini, amejifunga shuka, ametazama kaskazini-mashariki juu ya bahari. Akaniita. Nikashuka. Akanyoosha kidole: rundo dogo la nyota, kama mtu amemwaga chumvi kidogo mahali pamoja. Nikahesabu sita.

"IsiLimela," akasema.

Nikasimama pale na mtoto wa watu siwezi kusema. Nyota zile baba alinionyesha nikiwa na miaka saba, tumelala juu ya shehena ya chumvi, akaziita Kilimia. Neno ni lile lile, la kulima. Gogo akasema babu yake alikuwa akizingoja wakati huu wa mwaka, zikionekana kabla ya mapambazuko watu wanajua majembe yatengenezwe, mwaka wa shamba umeanza. Na kwetu mabaharia wanasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimemtafsiria Gogo nusunusu. Akalirudia jina la kwetu, Kilimia, mara tatu, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Pepo: umande kutoka bara, mwembamba. Shwari saa tatu.

Juni 26

Mwezi mchanga, kwa hiyo bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa. Nimeteremka ufukweni kutazama maji kwa ajili ya baba. Yanapanda na kushuka kama mita mbili tu. Tongoni bamvua maji yanaondoka mpaka unaweza kuvuka kwenye mikoko kwa miguu. Hapa hakuna fungu la matumbawe la kuyavunja mawimbi nje, kwa hiyo bahari inakuja nzima mpaka mchangani, na usiku sauti yake inapanda hadi kilimani.

Juni 29

Sadini wamefika!

Watu walikuwa wakilisema jambo hili tangu nifike, kama kwetu wanavyosema juu ya maembe. Karibu kila mwaka, Juni na Julai, makundi ya sadini hutoka kwenye maji baridi ya kusini, huko pwani ya Cape, na kupanda pwani hii wakifuata ukanda mwembamba wa maji yaliyopoa, kati ya nchi kavu na mkondo wa joto ulio nje. Ukanda ukiwa mwembamba sana, samaki wanabanwa ufukweni. Bodi ya papa ya mkoa huzitoa nyavu za kuzuia papa mapema, maana papa, pomboo na nyangumi wote wako nyuma ya kundi. Na hewa ndiyo inayoamua. Siku mbili za kusini-magharibi zilizopoza maji, kisha shwari, ndivyo ilivyokuwa safari hii.

Shemeji alikuwa nyumbani, rafiki wa dada akabaki na mzazi, tukampakia Gogo tukaenda Scottburgh, kama saa moja kusini. Kwanza nikaona ndege: weupe, vichwa vya manjano, wanapanda juu, wanafunga mbawa na kujitupa majini kama mishale, mamia kwa mamia. Chini yao maji yalikuwa na doa jeusi linalotembea. Nilidhani kivuli cha wingu, na mbingu haikuwa na wingu.

Boti ndogo ilizungusha juya, wanaume thelathini wakalivuta kutoka mchangani kwa kamba mbili, wakiimba. Ni kokoro kabisa. Kwetu kokoro ni marufuku kwa sababu linakomba makinda na kuvunja matumbawe, na nakubaliana na marufuku hiyo. Hapa ni mchanga mtupu na kundi linapita mara moja kwa mwaka. Juya lilipofika maji ya kiunoni pakawa kama kuchemka. Watu wakaingia na nguo zao, na ndoo, na mifuko ya dukani, bibi mmoja akatumia sketi yake. Gogo aliingia mpaka magotini na beseni. Nilimshika mkono, yeye akinivuta mimi. Sadini mmoja alirukia mkononi mwangu. Ni mrefu kuzidi kiganja, mgongo wa kijani unaokaribia buluu, tumbo la fedha, na ubavuni mstari wa madoa meusi. Magamba yake yalibaki kwenye vidole vyangu hadi usiku.

Nimewaparua, nikawatia chumvi, ndimu na pilipili, nikawakaanga. Dada amekula wanane kwa ugali. Ni mara ya kwanza nimwone anakula bila kubembelezwa.

Julai 2

Mvua. Kipupwe cha huku si majira ya mvua, Julai nzima hupata kama milimita 40, lakini jana usiku wingu la kusini liliganda juu ya mji, nayo ikanyesha tangu saa tatu mpaka alfajiri. Kwa mtu wa Tanga aliyeona masika, ilikuwa mvua ya kawaida. Nililala.

Saa nane usiku nikasikia mlango. Gogo, na koti, na mfuko wa plastiki wenye vitambulisho na dawa zake. Hakutaka kitu. Alitaka kukaa na watu tu. Nikamchemshia chai.

Akanisimulia Aprili 2022. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, sehemu nyingine za mji zilipata zaidi ya milimita 300 kwa saa 24. Mji huu umekaa juu ya vilima na mabonde, na masikini wamejenga pale palipobaki, kwenye miteremko na kando ya mito. Udongo ulilowa ukaachia. Nyumba ya mdogo wake ilitelemka na mteremko wote. Waliokufa jimboni walizidi 430. Makontena yalielea kutoka kwenye yadi yakalala barabarani, mabomba ya maji yalikatika, na watu waliozungukwa na maji wakakaa wiki nyingi hawana ya kunywa. Wanasayansi walioichunguza mvua ile walikuta kuwa kuongezeka kwa joto la dunia kumeifanya mvua ya namna hiyo iwe na uwezekano mara mbili: iliyotarajiwa mara moja katika miaka 40, sasa ni mara moja katika miaka 20. Gogo hajui hesabu hiyo, na haihitaji. Tangu usiku ule halali mvua ikinyesha.

Mvua imekoma saa kumi na mbili. Ameshuka kwake kulipokucha, ameuacha mfuko mezani kwetu, nami nimempelekea.

Julai 3, 4

Kumetakata. Nguo za siku mbili kwa kamba moja.

Julai 6

Nimetumia jioni nzima kumweleza baba mkondo, baada ya shemeji kunionyesha ramani. Kuna mkondo mkubwa unaotoka mashariki ukapita kaskazini ya Madagaska. Ukiigonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji unagawanyika. Maji mengine yanapanda, Mtwara, Dar, Tanga, huo ndio mkondo baba aliosafiri nao maisha yake yote. Mengine yanateremka yakizungukazunguka katika Mlango wa Msumbiji, na mwishowe yanaingia katika mkondo wa Agulhas unaopita hapa nje, wenye mwendo unaoweza kuzidi kilomita sita kwa saa, daima ukielekea kusini-magharibi. Upepo wa kusini-magharibi ukikutana nao uso kwa uso, mawimbi husimama wima. Julai 26, 1909 meli Waratah iliondoka bandari hii na watu 211 kwenda Cape Town. Haijapatikana mpaka leo.

Baba alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. "Kumbe maji ni ndugu," akasema. Kisha akauliza swali la nahodha: "Yakipita hapo, yanarudi?" Nikatazama tena ramani. Mengi yanarudi: chini ya Afrika yanageuka, yanaelekea mashariki, ndani ya bahari ya Hindi, lakini mbali sana kusini. Akauliza kama ni baridi huko. Nikamwambia ndiyo, baridi sana.

Julai 9

Kusini-magharibi mkali tangu jana. Nyuzi 10 alfajiri, na hewa ina ukali wa kisu. Theluji imeanguka Drakensberg. Shemeji ni dereva wa lori, njia ya Johannesburg, na jana usiku ilikuwa avuke Van Reenen, njia inayokata milima hiyo. Septemba 2024 theluji iliifunga barabara hiyo, magari yakanasa usiku kucha. Dada hakulala. Alinyonyesha, akatazama simu, akanyonyesha. Saa kumi na moja alfajiri ujumbe ukaja: yuko Harrismith, mji wa upande wa pili, wamesimamishwa kabla ya mlima, lori zote zimepanga mstari, anakunywa kahawa. Ametuma picha ya kioo cheupe. Dada ameitazama, akalia, akalala.

Julai 12

Kaskazini-mashariki mkali jana. Leo alfajiri joto dirishani. Saa tano nyuzi 28. Sikungoja Gogo: nikaanua zake na zangu saa sita na nusu, nikamgongea mlango. Upepo ulikufa saa saba na dakika kumi. Shwari ya dakika kumi na tano. Meli tisa zililegea, kisha zikageuka. Baba nimemwambia kabla haujafika, tukausubiri pamoja kwenye simu, na mlango ulipogonga aliusikia Tongoni.

Julai 14

Na Gogo ufukweni mara ya mwisho. Nyangumi, mbali kidogo, wawili. Tuliona pumzi zao kwanza, kisha mgongo, kisha mkia mpana ukinyooka na kuzama bila kishindo. Wanatoka kwenye barafu ya kusini, wanakwenda kuzaa kwenye maji ya joto ya Msumbiji, na wengine hufika mpaka kwetu. Baba amewaona mara nyingi mkondo wa Pemba, mwezi wa nane na wa tisa. Hawa wawili walikuwa wanaelekea kaskazini dhidi ya mkondo wa Agulhas, karibu na nchi, palipo na nafuu.

Julai 15

Arobaini imetimia. Mtoto amenyolewa, dada ameoga na kuvaa doti mpya niliyomletea. Gogo amekula pilau vyungu viwili.

Umande kutoka bara mpaka saa tatu. Shwari. Upepo wa bahari saa tano, mdogo, kaskazini-mashariki. Meli saba. Jua limezama saa kumi na moja na robo, dakika kumi zaidi ya nilipofika. Tongoni, anasema baba, kusi inavuma siku ya arobaini mfululizo na haijageuka hata mara moja.